Viti viwili vya meno ndani ya nyumba ya Mji Mkongwe: ukuta au ukumbi wazi?

Vyumba vya nyumba kongwe za Unguja ni virefu na vyembamba. Dari zake hulala juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali. Aghlabu upana hauzidi mita 3. Anayetaka kuweka viti viwili vya kutibia meno humo huulizwa kwanza: ukumbi mmoja, au kila kiti na chumba chake?

Wanaotetea ukumbi wazi wana hoja. Msaidizi mmoja huhudumia viti viwili, na kiyoyozi ni kimoja. Hesabu ya upana nayo ni kali: kiti huchukua karibu sentimita 70, kila upande wataka 90 ili daktari na msaidizi wakae bila kugongana magoti. Hizo ni mita 2.5. Ukigawa kwa kuta, utahitaji ujia wa kupitia; ukitoa ujia wa sentimita 90 kwenye mita 3, zinabaki 2.1, na msaidizi atafanya kazi mgongo ukiwa ukutani.

Lakini drili hurusha ukungu wa maji, mate na damu, na kizuizi cha nusu ukuta huzuia macho tu. Halafu kuna sitara. Bibi aliyelazwa chali, mtandio umelegea, hataki mgeni amuone, wala amsikie akitaja ujauzito au dawa zake za sukari. Kwa Zanzibar, hoja hii kwangu inashinda ya kiyoyozi. Ukuta ufike darini, ila kila chumba kiwe na mlango wake wa kutokea uani, ujia usihitajike. Mlango ukiwa mmoja, weka kiti kimoja. Upande wa pili uwe wa kuoshea vifaa na kuviua vijidudu.

Ubanaji matumizi utafutwe kwenye mitambo. Kompresa (mashine ya kushindilia hewa inayoendesha drili) moja isiyotumia mafuta yatosha viti vyote viwili, ikae nje penye kivuli na upepo. Hewa yetu ina unyevu mwingi: tangi la kompresa lisipomwagwa maji kila jioni, na pasipo kikausha hewa, maji hufika kwenye drili na beringi huliwa na kutu. Maji ya visima hupita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa. Otoklevu, mtambo wa kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke, ipewe maji yaliyokenekwa tu, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa.

Mkono wa eksirei usifungwe kwenye ukuta wa mawe na chokaa, bolti hulegea; nunua wa magurudumu. Ghorofani usikate boriti kupitisha mabomba. Yapite pembeni ndani ya sanduku la mbao, la kufyonza mate likiinama sentimita 1 kwa kila mita, na ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iombwe kabla ya kutoboa chochote.