Kitabu cha Halliday: lawama ipi ni ya haki?

Ukianza mwaka wa kwanza wa fizikia au uhandisi, hukawii kusikia jina la Halliday. Kitabu cha David Halliday na Robert Resnick kilitoka Marekani mwaka 1960. Toleo lake fupi, Fundamentals of Physics, likafuata 1970, na baadaye Jearl Walker akaingia kama mwandishi wa tatu. Wapo wanafunzi wanaokiapia, na wapo wanaokifungua usiku wa kuamkia mtihani tu, tena kwa hasira.

Wanaokisifu wanasema kinaeleza. Aliyezoea kukariri fomula anaonyeshwa fomula hiyo imetoka wapi na inakoma kufanya kazi wapi. Maswali nayo yamewekewa vitone, kimoja hadi vitatu, kuonyesha ugumu, kwa hiyo mtu anajua aanzie wapi.

Lawama ni nyingi zaidi. Kitabu kina kurasa zaidi ya elfu moja, na bei yake si ya mwanafunzi anayesubiri boom, yaani fedha za mkopo wa masomo. Kila toleo jipya likija, namba za maswali huhama: mhadhiri anasema fanyeni swali la 37, mwenye PDF ya zamani anafanya swali jingine kabisa. Hapo sina cha kuwatetea wachapishaji. Mifano nayo imejaa barafu na mpira wa magongo. Kijana wa Marekani anajua kwa miguu yake mwenyewe kwamba barafu haina msuguano wa maana. Wa kwetu inabidi kwanza aifikirie barafu, ndipo aifikirie fizikia. Ni mzigo wa ziada, na haki yao kuulalamikia.

Lawama inayorudiwa kuliko zote ndiyo nisiyokubaliana nayo: kwamba mifano ni rahisi halafu maswali ya mwisho wa sura ni magumu kupita kiasi. Chukua swali la aina hii: kitu kinaachiwa juu ya mteremko usio na msuguano, kimo chake mita 5, kitafika chini na mwendo gani? Wengi hukwama papo hapo na kusema swali lina upungufu, maana tungamo haikutajwa. Lakini ukiandika nishati ya juu ni mgh na ya chini ni nusu ya mv² (m ni tungamo, g mchapuko wa mvutano wa dunia, h kimo, v mwendo), m inajifuta yenyewe, na unabaki na mita 9.9 hivi kwa sekunde, kiwe kokoto au gunia la mahindi. Swali halikusahau kitu. Lilitaka ugundue kwamba tungamo haihusiki, na ugunduzi huo haupatikani kwa kunakili mfano na kubadilisha namba.

Ila ugumu huo unahitaji mtu wa kumuuliza. Darasa likiwa na mamia ya watu na semina ikageuka muhadhara wa pili, aliyekwama hana pa kwenda ila kwenye majibu kamili yanayozunguka WhatsApp. Anadesa, yaani ananakili tu, anapata alama za zoezi, na mtihani unamkuta mtupu. Kisha kitabu kinalaumiwa.

Kuhusu bei, njia ipo: University Physics ya OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, juzuu tatu za mwaka 2016, kupakua ni bure na kwa halali. Wengine huiona imepooza kidogo ukiilinganisha na Halliday, lakini kwa kusoma maelezo inatosha sana. Ningeacha Halliday kwa ajili ya maswali. Na kwa kuwa majibu nyuma ya kitabu ni ya namba witiri tu, mhadhiri achague machache ya namba shufwa kila wiki, ayaandike yote kwenye karatasi ili tofauti za matoleo zisimkwaze mtu, barafu aibadilishe kwa sakafu iliyomwagikiwa mafuta, na semina nzima iwe ya wanafunzi kusimama ubaoni na kueleza njia waliyopita, hata iliyowakwamisha.