Sikutaka Kumkata Bibi wa Watu

Naanza na hili ili tuelewane: sikumkimbiza bibi wa watu na kisu. Nasema mapema kwa sababu kuna shoga yangu, au pair mwenzangu (tunaishi na familia za Kijerumani, tunawalelea watoto) yuko mji wa Göttingen, jana usiku nilimpigia nikilia anifariji, asubuhi naamka nakuta kaweka voice note ya dakika nne kwenye grupu letu la Wabongo, na kwenye stori yake bibi kakimbilia bustanini na mi niko nyuma yake na kisu cha mkate. Jamani, hamna bustani. Tuko ghorofa ya tatu. Kisu ndo kilikuwepo, hilo nakubali.

Sasa nisikilizeni mwenyewe mwenye aibu.

Mnaonijua mnajua nilikuja huku na A1 yangu ya kubahatisha, ile ngazi ya kwanza kabisa ya Kijerumani wanayoitaka ili upate viza ya au pair, na A1 ukweli ni kwamba inakufundisha kununua mkate na kutaja siku uliyozaliwa, ukitoka hapo umebaki wewe na Mungu wako. Wajerumani wana vitu vinne wanaviita kesi: nominativu, akuzativu, dativu, genitivu. (Na kila jina lina der, die au das yake, hata msichana ni "das", hiyo tumeshalia tukanyamaza.) Yaani mbwa akikung'ata ni der Hund, we ukimpiga jiwe anageuka den Hund, ukienda kutembea naye ni mit dem Hund, na mbwa ni yuleyule, mkia uleule. Sisi kwetu mbwa akishakuwa mbwa basi, hatumsumbui.

Kutoka darasani Dar nilibeba sheria moja tu kichwani: kwenye akuzativu, yaani yule anayetendwa, der inakuwa den. Basi. Ikumbukeni hiyo den, itarudi kunimaliza. Dativu mwalimu alisema tutairudia vizuri, viza ikatoka kabla hatujairudia.

Alafu kuna "Sie", ile "wewe" ya heshima. Hii Sie niliipenda kwa sababu mbili. Kwanza kumwambia bibi wa miaka themanini na kitu "du", ile "wewe" ya kawaida, mdomo wangu wa Tanga unagoma kabisa, Oma (ndo "bibi" kwa Kijerumani, huyu ni bibi wa familia ninayoishi nayo) mwenyewe kashanambia mara tatu niseme du, naitikia ja ja, sentensi inayofuata ni Sie. Pili Sie kwenye akuzativu haibadiliki, inabaki Sie vilevile, nikaona hapa ndo pa kujificha. Kumbe kwenye dativu inageuka Ihnen. Mi sikuwa na habari na Ihnen, niliona ipo ipo tu kwenye vitabu.

Haya, jana Jumapili. Hannover hii, mji ambao Wajerumani wenyewe wanausifia kwa Kijerumani kilichonyooka, kwa hiyo hata lahaja ya kusingizia sina. Chakula cha mchana, Oma kaja, kaka yake mama mwenye nyumba kaja na bia zake, meza imejaa. Oma aliteleza juzi kati akavunjika mkono, kafungwa hogo mpaka karibu na kiwiko, na bado kasimamia Rouladen zipikwe, ile nyama ya ng'ombe inayoviringishwa na haradali na tango la siki na kitimoto ndani. Yangu alisema ifungwe pembeni bila kitimoto, na kuifunga kwa uzi wa rangi nyingine ili isije ikachanganyika. Nawaambia hili muelewe ni bibi wa aina gani niliyekuja kumtisha.

Basi tunakula, kabichi nyekundu, matonge ya viazi, mchuzi mzito, naona Oma anahangaika na uma kwa mkono mmoja, nyama inazunguka kwenye sahani kama inamkwepa. Wote wanaongea, hakuna anayemuona. Malezi yangu yakanipanda. Kwetu bibi hawezi kukata nyama na we upo umekaa.

Nikasimama. Hapa niende taratibu maana ndo penyewe.

Nimesimama, nikanyoosha mkono nikachukua kisu cha meno kile cha mkate, kilikuwa karibu. Kichwani natengeneza sentensi. Nataka kusema: Oma, nikukatie nyama? Soll ich, safi. Sie, heshima, safi. Sasa nyama ni Fleisch, ila ni der Fleisch au das Fleisch? Sikuwa na uhakika. Na kama ni der nikumbuke kuifanya den. Watu wameanza kuniangalia, nimesimama na kisu nimenyamaza, nikajiambia sasa si niiache tu nyama nje ya sentensi, si kila mtu anaiona pale.

Nikaiacha.

"Oma, soll ich Sie schneiden?"

Oma, nikukate?

Kwa sauti nzuri kabisa, ya upole, nimeinama kidogo kama naomba radhi.

Meza ikanyamaza. Baba mwenye nyumba uma umeishia hewani na kabichi inadondoka. Nikajua nimekosea, hilo nililijua, ila sikujua wapi, na akili yangu ikakimbilia kwenye sheria pekee iliyonayo duniani: akuzativu! Der inakuwa den! Nikatabasamu, nikajirekebisha, na kisu nakitikisa kidogo kama mwalimu na chaki:

"Entschuldigung! Soll ich DEN Oma schneiden?"

Sasa mtoto ninayemlea, ana miaka sita, ni wa kurekebisha watu, akaruka kwenye kiti akasema, "Nein! DIE Oma!"

Jamani mimi nikashukuru. Nikamwangalia kwa upendo. Nikasema danke, nikavuta pumzi, nikarudia sentensi nzima, kwa ukamilifu, kwa kujiamini:

"Soll ich DIE Oma schneiden?"

Na hiyo, ndugu zangu, ndo sentensi yangu ya kwanza ya akuzativu isiyo na kosa hata moja tangu nifike Ujerumani. Mtendaji yuko kwenye nominativu, mtendwa yuko kwenye akuzativu, kitenzi kimekaa mwisho kama wanavyotaka. Je, nimkate bibi? Mwalimu angeweka tiki.

Oma akautoa mkono wenye hogo juu ya meza, pole pole, akaushusha mapajani.

Mtoto akamgeukia mama yake akauliza kwa utulivu, "Warum?" Kwa nini. Swali zuri. Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nakiona ni ile posho yangu ya euro 280 kwa mwezi ina mbawa inaelekea dirishani, na mimi nashuka stendi ya Tanga na begi.

Ungekuwa we ungekaa chini, si ndiyo? Mimi nikaona niwatulize. Niwaonyeshe kwamba mi na Oma hatuna ugomvi, kwanza nina mpango wa Jumamosi kumpikia pilau. Nikasema: "Nein, nein! Oma gut! Am Samstag koche ich Sie." Kimya. Nikaona labda hawajanielewa, nikaongeza, "Mit Reis."

Oma, Jumamosi nitakupika. Na wali.

Oma ndo wa kwanza kufungua mdomo. Akaniangalia, akaangalia kisu, akasema taratibu, "Mit Reis? Kind, dafür bin ich zu zäh." Na wali? Mwanangu, mi nyama yangu ngumu, haifai. Alafu akaanza kucheka, yule mjomba bia ikamtokea puani, meza nzima ikaangua, na mi nacheka nao huku sijui nacheka nini, kisu bado kiko juu.

Yaliyobaki ni mafupi. Baba mwenye nyumba alikata nyama. Mi nilienda chooni nikakaa dakika ishirini. Hakuna aliyeita polisi, shoga yangu wa Göttingen hilo kaliongeza yeye.

Usiku mama mwenye nyumba akanichorea kwenye karatasi. Kamchora Oma mara mbili, mmoja yuko kwenye sufuria, mwingine yuko mezani na sahani. Wa kwenye sufuria kaandika Sie, wa mezani kaandika Ihnen. Nikaitazama ile picha mpaka nikapiga kelele, kwa sababu jamani hii si ni nikupike na nikupikie? Nikukate na nikukatie? Vitu vilevile! Sisi tunakiweka ki-i chetu kidogo kwenye kitenzi, bibi anapona, wao kitenzi hawakigusi, wanambadilisha bibi mwenyewe. Miezi yote nimehangaika na majedwali na hakuna aliyenambia dativu ni "-ia". Nikajaribu na helfen, inataka dativu, kwetu ni kusaidia, ina -ia, nikaona nimeshaimaliza lugha ya watu. Nikafika kwenye danken, nayo ni dativu, sisi tunashukuru tu bila -ia yoyote. Nikafunga daftari nikalala.

Sasa leo mchana simu inaita, Oma. Anauliza habari ya Jumamosi, alafu akashusha sauti, nasikia kabisa anajizuia: "Sag mal, kochst du mir was, oder kochst du mich?" Unanipikia kitu, au unanipika?

Ahaa. Hili nimelisoma. Nikakaa kimya nikahesabu kwa vidole, mich ni wa kwenye sufuria, mir ni wa mezani, mir ndo yenye -ia, nikahakikisha mara mbili, nikajibu kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani:

"Mir!"

Kumbe nimemwambia najipikia mwenyewe, yeye aje kuangalia.