Treni ya Uingereza ilizaliwa na viwanda, sio viwanda vilizaliwa na treni

Kila mjadala wa SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ukianza, iwe ya Dar au ya Mombasa, lazima atokee mtu aseme "angalieni Uingereza, walijenga reli alafu viwanda vikafuata". Kuna ukweli humo na nitaufikia, ila mi naona hiyo hadithi imesimama kichwa chini miguu juu.

Tuanzie Penydarren, Wales, tarehe 21 Februari 1804. Richard Trevithick aliweka injini ya mvuke juu ya magurudumu ikavuta tani 10 za chuma pamoja na watu kama 70, karibu maili 10, kwa saa nne hivi. Mwenye kiwanda cha chuma cha pale, Samuel Homfray, alikuwa ameweka dau na tajiri mwenzake wa chuma kwamba itawezekana, na kweli iliwezekana. Kwa hiyo mwaka 1804 treni ipo, inatembea, watu wameiona kwa macho yao. Sasa mbona reli ya Stockton na Darlington, ile ya kwanza ya umma kutumia injini za mvuke, imekuja kufunguliwa Septemba 1825? Miaka 21! Mtoto aliyezaliwa siku ile Penydarren alikuwa ameshakuwa mtu mzima. Hiyo namba nimekaa nayo sana, kwa sababu kama uvumbuzi peke yake ungetosha basi Uingereza ingejaa treni kabla hata Napoleon, mtawala wa Ufaransa, hajashindwa vita.

Jibu liko chini ya magurudumu. Injini ile ilikuwa na uzito wa tani 5 hivi, na njia iliyopitia ilikuwa ya chuma cha kumimina kwenye kalibu, ambacho ni kigumu lakini ukikilemea kinapasuka, na ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mabehewa ya kuvutwa na farasi. Vyuma vikavunjika vunjika njiani, na baada ya safari chache kazi ikarudi kwa farasi. Yaani akili ya fundi ilikuwepo, kilichokosekana ni kiwanda cha kumpa njia ya kubeba ile akili. Chuma kisichopasuka kilikuwepo, Henry Cort alishapata namna ya kukisafisha na kukipitisha kwenye rola miaka ya 1780, ila ilibidi kusubiri hadi 1820 ndo John Birkinshaw wa Bedlington akaweza kutoa reli za chuma hicho zenye urefu wa futi 15. Na hapa kuna jambo linalonigusa. George Stephenson, mhandisi wa ile reli ya Stockton na Darlington, alikuwa na hataza (haki ya mvumbuzi) ya reli za kumimina pamoja na mshirika wake, angeweza kabisa kuwauzia watu wa Stockton na Darlington hizo za kwake akala hela, lakini aliwashauri wachukue za Birkinshaw, akagombana na mshirika wake kwa ajili hiyo. Alijua kila kitu kinategemea ule mtambo wa kupitisha chuma kwenye rola.

Alafu jiulize nani aliihitaji treni. Abiria? Hapana, ni wenye migodi ya makaa ya mawe. Njia za mbao za kuvutia makaa kwa farasi zilikuwepo Wollaton tangu 1604, na pale vita vya Napoleon vilipopandisha bei ya farasi na malisho yao, mgodi wa Middleton karibu na Leeds ukageukia mvuke mwaka 1812, maana ukiwa mdomoni mwa mgodi makaa ni kama bure lakini farasi anataka kula kila siku hata kama hafanyi kazi. Stephenson mwenyewe alikuwa fundi wa mgodi wa Killingworth, injini yake ya kwanza ya 1814 ilikuwa ya kuvuta makaa. Reli ya Liverpool na Manchester ya 1830, maili 31, iliyosukuma ni pamba iliyokuwa ikirundikana bandarini na wafanyabiashara waliochoka na wenye mifereji ya mashua kuwatoza watakavyo.

Sasa upande wa pili, na sio hoja dhaifu. Stockton na Darlington ilipofunguliwa bei ya tani ya makaa pale Stockton ilishuka kutoka shilingi 18 hadi 12, na mwanzoni mwa 1827 ikawa 8 na nusu. Makaa ya bei hiyo yanawasha viwanda ambavyo visingewaka. Liverpool na Manchester ilibeba abiria zaidi ya 400,000 mwaka 1831, mahitaji ambayo wajenzi wenyewe hawakuyatarajia kwa kiwango hicho, na ikifika 1850 Uingereza ina kama maili 6,000 za reli, kila maili inakula chuma na makaa. Kwa hiyo kuanzia hapo ndio, reli ililea viwanda, anayekataa hilo anabisha tu.

Lakini aliyemlea mtu sio lazima awe ndiye aliyemzaa. Kiwanda cha pamba cha Richard Arkwright pale Cromford kilianza 1771, karibu miaka 60 kabla ya ile reli ya pamba, na kilizungushwa na nguvu ya maji. Mfereji wa Bridgewater uliingiza makaa rahisi Manchester miaka ya 1760. Vizazi viwili vya mapinduzi ya viwanda vilikwenda kwa mashua na farasi.

Na ukitaka kuona reli iliyokuja bila viwanda nyuma yake tunayo hapa hapa, ile ya Mombasa hadi Kisumu ya 1896 hadi 1901. Ilibadilisha biashara kweli, miji ikaota njiani, Nairobi yenyewe ilianza kama kambi ya reli. Ila vyuma na injini vilishushwa melini pale Kilindini, na kazi ya kuyeyusha chuma na kukipitisha kwenye rola kiwe reli ilikuwa imeshalipwa kwa wafua chuma wa nchi nyingine.