Shughuli: Hana

Mjumbe wetu ameniandika "hana shughuli", kwa wino, leo saa nne asubuhi, ilhali nilikuwa kazini. Naomba jambo hili lieleweke vizuri: nilikuwa na kalamu mkononi, kamusi tatu mbele yangu na shati lenye kola. Kilichoniponza ni kuketi kibarazani, kwa kuwa ndani hapakuwa na umeme, na mwanamume anayeonekana kibarazani siku ya Jumanne hana wakili.

Mimi ni mfasiri. Wiki hii nimekwama kwenye ukurasa wa majina ambayo Wazungu huwapa wapenda anasa na wasio na kazi, na kila jina ninalolipeleka kwenye Kiswahili linanirudia likiwa "mvivu" au "mzururaji". Mfaransa ana flâneur, yule bwana wa Paris wa karne ya 19 aliyetembea bila safari, akitazama watu tu, naye mshairi Baudelaire akamsifu katika makala ya mwaka 1863. Kwetu bwana huyo asingevuka mtaa wa pili kabla hajaulizwa anamtafuta nani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Baba Zuhura. Shughuli yako?"

"Mfasiri."

"Ofisi iko wapi?"

Nikamwonyesha meza. Akaitazama, akautazama na ule mguu wa meza uliowekewa kipande cha tofali. Akauliza mara ya mwisho nililipwa lini, nami nikajibu kwa heshima zote kwamba malipo yangu yako kwenye mchakato, mwezi wa tatu sasa. Hapo kalamu yake ikaanza kushuka kwenye daftari, nami kwa kuhaha nikafanya kosa la kumweleza kazi yenyewe.

"Kwa mfano, mzee, fainéant. Fait, anafanya, néant, si chochote. Wafalme wa mwisho wa ukoo wa Merovingi, wa Ufaransa ya kale, waliitwa hivyo, kwa kuwa kazi yote ilifanywa na msimamizi wa jumba."

"Na kula walikula?"

"Walikula."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwaka 751, msimamizi alipochoka akajifanya mfalme mwenyewe."

"Kumbe hata wao waliondolewa," akasema, akaitazama nyumba ninayopanga.

Nikamhamishia Ujerumani. Huko mvivu huitwa Faulpelz, ngozi ya manyoya iliyooza, maana kwa Kijerumani neno la uvivu na la kuoza ni moja. Hilo lilimfurahisha sana. Akaniomba nilirudie polepole, kwa sababu ana mkwe. Mdenmarki ana dagdriver, ambalo ukilichukua neno kwa neno ni mtu anayeiswaga siku kama ng'ombe. Mwitaliano ana perdigiorno, mpoteza siku. Mjumbe akatazama saa yake.

Heshima ikanishinda, nikapandisha sauti. Nikamwambia kwamba mwaka 1964 mahakama ya Leningrad, kule Urusi, ilimhukumu Joseph Brodsky, mshairi na mfasiri mwenzangu, miaka 5 ya kazi ngumu uhamishoni kwa kuwa tuneyadets, yaani mla bure, baada ya hakimu kumuuliza ni nani aliyemweka katika safu ya washairi. Nikamwambia kwamba hata huu uzururaji wetu si wetu: Waingereza waliutungia sheria mwaka 1824, wakawapanga wazururaji madaraja matatu kama mabehewa ya treni, na madaraja mawili ya kwanza wakatuachia katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 176 na cha 177. Nikamuuliza ni nani basi aliyemwandikisha yeye kuwa mjumbe.

"Wananchi," akajibu, na ndipo akaandika.

Kisha akatoa bahasha mfukoni. Ana mgogoro wa mpaka wa shamba, na kwa vile mimi ni mtu wa maandishi, tena nina nafasi, nimwandikie barua ya kurasa mbili yenye lugha nzito, aje kuichukua jioni. Bei haikutajwa. Mama Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, akauliza kama kabla ya barua hiyo ninaweza kupeleka ndoo bombani, maana maji yametoka.

Nimefika aya ya tatu ya mpaka wa shamba, na Lebemann bado ananisubiri. Kwa Kijerumani ni "mtu wa kuishi", mwanamume wa starehe mwenye fedha za kuigharamia. Nilijaribu "mponda raha", nikalifuta, kwa kuwa mponda raha wetu huiponda ya mwezi mzima kwa siku mbili, kisha anakuja kukopa sukari.