Beberu hana kosa

Pikapu yangu ya mwaka 1986 haikuwa mbovu. Ingekuwa mbovu ningeielewa. Ilikuwa inasusa. Unatoka nayo vizuri, unakanyaga mafuta, inashika mwendo, mara nguvu zinaisha, inakohoa, inazima. Unakaa pembeni dakika tano, unapiga stata, inawaka kama hamjagombana.

Dakika tano hizo zimesomesha watoto wa mafundi. Wa kwanza, pale Majengo, Dodoma mjini, alisafisha plagi. Ikawaka, nikalipa. Wa pili, kwenye gereji bubu moja Kizota, akabadilisha koili. Ikawaka, nikalipa. Wa tatu akafungua kabureta, akaipuliza kwa mdomo, akaifunga, akabaki na skrubu mbili kiganjani ambazo alisema hazina kazi. Ikawaka. Nikalipa, na skrubu zangu nikapewa.

Sasa ikafika siku ya kumpeleka baba mkubwa Kongwa. Mdogo wangu anaoa, baba mkubwa ndiye mshenga, na ukweni tunatakiwa saa nne asubuhi. Mbele kakaa yeye na suti yake na bakora. Nyuma kasimama beberu.

Ihumwa, ikazima. Nikafungua boneti, nikachomoa plagi moja, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Ikawaka.

"Ilikuwa plagi," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesomea.

Chamwino, ikazima. Baba mkubwa akanizuia kushuka, akavua kofia, akasali. Sala ya baba mkubwa si ya haraka, huwa inapitia kwa marehemu wote wa ukoo, mmoja mmoja. Alipofika kwenye amina nikapiga stata, ikawaka. Hakusema neno. Alinitazama tu, safari nzima mpaka kwenye mashamba ya zabibu ya Chinangali, ilikozima tena.

Hapo beberu akaanza kulia. Tukamshusha ajisaidie. Akajisaidia, akanyofoa majani ya mzabibu wa watu, tukampandisha. Ikawaka.

"Mwanangu," baba mkubwa akasema taratibu, "beberu huyu ana jambo."

Ningembishia kwa lipi? Plagi safi, sala imesaliwa, aliyebaki hajachunguzwa ni mbuzi. Tukakubaliana, watu wazima wawili wenye akili zetu, kwamba tukifika Mbande tumbadilishe kwa beberu mwingine, hata kama ni mdogo, ilimradi hana mambo.

Mbande ikazima yenyewe, karibu kabisa na kijiwe cha bodaboda. Kijana mmoja mwenye mikono ya grisi akasogea.

"Shikamooni wazee. Inazima, halafu ikipumzika inawaka?"

"Marahaba. Inawaka tukimshusha mbuzi," baba mkubwa akamfafanulia.

Kijana hakucheka. Nitamheshimu kwa hilo mpaka nife. Akaleta kidumu chenye petroli, akakining'iniza juu karibu na kioo, akachomoa mpira unaotoka kwenye pampu, akaunganisha wa kidumu moja kwa moja kwenye kabureta. "Kaendeshe, mzee. Kanyaga mpaka mwisho." Nikaifuata barabara ya Kongwa, nikageuza, nikarudi. Haikukohoa hata mara moja, na beberu alikuwemo.

"Basi injini nzima, umeme mzima, mbuzi mzima," akasema kijana. "Ndani ya tangi kuna kitu. Injini ikivuta sana, kinanyonywa, kinaziba mdomo wa bomba. Ikizima, kinaachia, kinadondoka. Kushusha tangi elfu kumi."

Yaani plagi, koili, kabureta na marehemu wote wa ukoo walikuwa wanapewa sifa za kitu kinachodondoka chenyewe.

Baba mkubwa akaombwa akavutie sigara yake mbali. Akaondoka na beberu, kwani alikuwa bado anamchunguza. Tangi likashushwa, petroli ikamiminwa kwenye madumu, floti ya geji ikafunguliwa. Kijana akaingiza waya aliokunja kama ndoano, akatafuta, akavuta. Ikatoka rambo. Mfuko wa rambo wa bluu, mzima kabisa, ile mifuko iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019.

"Nani kaweka uchafu huu?" baba mkubwa akafoka kutoka kule aliko. "Ni hawa watoto wa vituo vya mafuta! Wahuni!"

Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Nikasema dunia imeharibika.

Tangi likarudi mahali pake, petroli ikarudi, kijana akachukua kifuniko afunge. Sasa kile kifuniko kililegea siku nyingi, nami nilikivisha rambo mbili ili kisivujishe. Moja bado ilikuwa imekikumbatia. Ya bluu. Kijana akaitazama ile, akaitazama hii, akanitazama mimi. Akainama, akanong'ona.

"Mzee, ufundi ni elfu kumi. Na faini ya kukutwa na rambo ni elfu thelathini. Ukinipa ishirini na tano, hatujaonana."

Nikalipa haraka, kabla baba mkubwa hajamaliza kumwomba beberu radhi.