Kabla ya darubini, uliza bamvua lini

Huku Uingereza ukialikwa kwenda kutazama ndege, utaulizwa kwanza una darubini ya aina gani. Mimi nimelelewa Kilifi na mjomba mvuvi, na swali hilo naliona limekaa vibaya. La kwanza ni bamvua lini, yaani yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu.

Nililijua hili Snettisham, pwani ya Norfolk, kwenye ghuba ya Wash. Maji yakipwa pale, tope linaenea hadi macho yachoke, na ndege wamo mbali wakidonoa, vidoa tu. Maji mafu nayo hayasaidii, yanajaa nusunusu na ndege hawana haraka. Lakini siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu bahari inakuja kulidai tope lote.

Tulitoka kwenye maegesho gizani, mwisho wa Oktoba, nusu saa kwa miguu. Wenyeji husema kati ya pwani ile na Aktiki hakuna kitu cha kuuzuia upepo. Sikuwabishia, nilikuwa na soksi mbilimbili na vidole sivihisi. Kulipopambazuka wakapita bata bukini wa miguu ya waridi, waliozaliana Iceland na Greenland, wanaliacha tope walikolala kwenda kuokota mabaki mashambani, kwenye viazi vinavyotengenezewa sukari. Kelele zao ni za soko zima.

Kisha vitwitwi, wa aina ambayo huku wanaiita knot. Mmoja ana gramu 130 hivi. Tope lilivyopungua wakasogea, wakasogea tena, mpaka wakabanana kama mkeka uliotandikwa ufukweni. Maji yalipowafika miguuni, mkeka ukanyanyuka. Maelfu kwa maelfu. Wakipinda huku ni weusi, wakigeuka ni weupe, na mbawa zao zilipopita juu ya vichwa vyetu nilisikia mvua ya masika ikija juu ya makuti. Wakatua nyuma yetu, kwenye mabwawa yaliyobaki baada ya watu kuchimba kokoto, wakajipanga kungoja maji yapwe. Darubini muda wote huo ilikuwa shingoni.

Ndiyo maana nina ugomvi mdogo na wawinda majina. Kuna Cley, mashariki ya pale, kinamasi kilichonunuliwa mwaka 1926 ili ndege wasisumbuliwe. Niliwakuta hapo watu kama thelathini, simu mkononi, wanamngoja ndege mmoja aliyepotezwa njia na upepo. Alipojitokeza wakamwekea alama daftarini, wakaingia garini kumfuata mwingine. Nyuma yao kipanga wa matete alikuwa akiwinda, chini kabisa, na hakuna aliyegeuka. Siwatukani, maana kumbukumbu zao zina faida kwa wanaotafiti. Ila kumbukumbu ni kazi, na mimi pale nilikwenda matembezi.

Mwenye watoto nitampeleka Blakeney Point, pwani hiyohiyo ya Norfolk, akaone sili, wanyama wa baharini. Mwaka 2001 walizaliwa 25 tu. Siku hizi kila majira ya baridi wanazaliwa maelfu, weupe kama pamba. Boti za kwenda huko, zinazotoka Morston, nazo zinatii maji: leo asubuhi, kesho mchana, maana mfereji ukikauka boti inakaa topeni. Kuna bwana mmoja alilalamika gatini kwamba ratiba haieleweki. Kwetu mtoto wa miaka saba angemweleza.

Jioni ile ya Snettisham nilimpigia mjomba. Baada ya shikamoo nikamsimulia yote, mkeka, mbawa, mvua ya makuti. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwezi una siku ngapi huko?"

"Kumi na sita, mjomba."

"Sasa ulitaka wakae wapi?"