Mahakama Ibaki Uwanjani au Ihame?

Katika miji mingi midogo ya kusini mwa Marekani iliyo makao makuu ya kaunti, kuna mjadala usiokwisha: mahakama ibaki katikati ya uwanja wa mji, au ihamishiwe pembezoni penye nafasi ya kuegesha magari? Wanaotaka ihame wana hoja nzito. Majengo mengi ya kale yana ngazi zinazomshinda mwenye kiti cha magurudumu, na mshtakiwa mwenye pingu huweza kupitishwa kwenye ukumbi uleule walioketi mashahidi. Wanaopinga huitwa wapenda matofali ya kale, na hapo ndipo wanapoonewa.

Mpango wa kuiweka mahakama peke yake katikati, maduka yakiizunguka pande nne, wanajiografia huuita kwa jina la Shelbyville, mji wa Tennessee ulioanzishwa mwaka 1810. Mpango huo haukuwa pambo. Siku ya mahakama, mkulima aliyekuja kusajili hati ya shamba, kulipa kodi au kuchukua kibali cha ndoa alikuja pia na nyumbu, yule chotara wa punda na farasi, wa kubadilishana. Huko Scottsboro, Alabama, gulio la Jumatatu ya kwanza ya mwezi lilizaliwa hivyo. Ukiihamisha mahakama, huondoki na jaji peke yake. Karani, wakili, shahidi na raia walioitwa kuamua kesi hula mchana mahali fulani, hunyolewa mahali fulani, hununua viatu vya watoto wakisubiri kuitwa; na pale pasipo na basi, asiye na gari atafikaje pembezoni kujitetea? Ngazi nazo si hukumu ya mwisho, maana Texas, yenye kaunti 254, imekuwa ikitoa fedha za kukarabati mahakama zake za kale tangu mwaka 1999.

Hoja ya kuihamisha inayonikosesha usingizi ni nyingine. Desemba 1934, hapohapo Shelbyville, umati wa Wazungu uliizingira mahakama ukitaka kumuua mshtakiwa Mweusi, E. K. Harris. Askari wa jimbo walimtorosha akiwa amevalishwa sare yao, na umati ukaliteketeza jengo. Uwanja uliowakusanya wauza nyumbu ndio uliowakusanya na hao. Lakini Harris hakuokolewa siku ile na umbali; aliokolewa na askari waliokubali kusimama mlangoni. Mwaka uliofuata kaunti ilikuwa na mahakama mpya, palepale katikati ya uwanja.